Baada ya Tetemeko: Nani Aseme Jengo ni Zima?

Tetemeko la ardhi likiisha kupita, swali kiwandani huwa ni moja: turudi ndani au tungoje? Mara nyingi jibu hutolewa upesi, tena na mtu asiyejua mambo ya majengo. Msimamizi hutazama juu, huona kuta zimesimama na bati liko mahali pake, basi husema jengo limestahimili, kazi iendelee. Maneno hayo yana kosa ndani yake, na kosa hilo limekwisha kuua watu.

Wenzetu wanaoishi kando ya Bonde la Ufa la magharibi hawana haja ya kuelezwa tetemeko ni nini. Tarehe 20 Machi 1966 lilipiga Toro, Uganda, likaua watu zaidi ya 100. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 lilipiga Bukavu na Rusizi, watu wakiwa kanisani asubuhi, na saa chache baadaye likaja jingine. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya Kagera. Linalosahauliwa ni kwamba tetemeko kubwa haliji peke yake. Hufuatwa na mengine, mengi sana siku za kwanza, kisha yakipungua. Mtaalamu wa Kijapani, Omori, alionyesha mwaka 1894 jinsi yanavyopungua: siku ya kumi idadi yake huwa kama sehemu moja ya kumi ya siku ya kwanza. Lakini kinachopungua ni idadi. Moja kali laweza kuja baada ya wiki au miezi, wakati watu wamekwisha zoea.

Sasa tutazame jengo lenyewe. Chukua kipande cha waya, ukikunje huku na huku. Mara ya kwanza hakikatiki, wala ya pili, lakini kila ukikunja unakipunguzia uhai. Nondo ndani ya zege ni hivyo hivyo. Mhandisi mzuri hupanga nondo zivutike na kupinda bila kukatika, ili zimeze nguvu ya mtikiso. Jengo likisimama, limesimama kwa kutumia sehemu ya akiba yake, na akiba hiyo hairudi yenyewe. Kazi ya ringi zinazozunguka nondo za nguzo ni kubana zege la ndani lisimwagike. Ringi zikiwa chache na nyembamba, nguzo huweza kuvumilia mtikiso mmoja vizuri kabisa, na katika mwingine ikapasuka ghafula bila kutoa dalili. Kuta za tofali zisizo na nondo zina hali mbaya zaidi: udongo au saruji iliyoshika tofali ikishaachia, kila mtikiso hupanua ufa uleule.

Mfano tunaotaka mwukumbuke ni wa mji wa Christchurch, New Zealand. Tarehe 4 Septemba 2010, alfajiri, tetemeko la kipimo cha 7.1 lilitokea kama kilomita 40 magharibi ya mji. Majengo mengi yaliharibika. Wakaguzi walipita wakibandika kadi: nyekundu maana yake usiingie, njano ingia kwa masharti, kijani hakuna kilichoonekana cha kuzuia matumizi. Jengo moja la ghorofa sita, lililoitwa CTV, lilipewa kadi ya kijani. Waliolikagua kwa ndani siku chache baadaye walikuwa maofisa wa majengo wa halmashauri ya mji, hapakuwa na mhandisi kati yao. Baadaye mwenye jengo alimwita mhandisi, naye akalipitia bila kuiona michoro yake. Watu wakaendelea na kazi: watangazaji wa televisheni, wauguzi, walimu wa shule ya lugha na wanafunzi wao kutoka nchi za mbali. Baadhi yao walisema jengo sasa linatikisika kuliko zamani.

Tarehe 22 Februari 2011, saa 7 kasoro dakika 9 mchana, likaja tetemeko la kipimo cha 6.2. Kwa kipimo lilikuwa dogo kuliko la kwanza, ila lilitokea karibu kabisa na mji, tena si chini sana ardhini, kwa hiyo mtikiso mjini ulikuwa mkali zaidi. CTV ilianguka katika sekunde chache. Watu 115 walikufa humo, kati ya 185 waliokufa siku ile. Tume ya serikali ilichunguza ikakuta kwamba ramani ya jengo haikutimiza sheria za ujenzi za mwaka 1986, na kwamba kibali kisingetolewa. Ringi za nguzo zilikuwa za milimita 6, zikiachana kwa milimita 250. Ugonjwa wa jengo ulikuwa wa kuzaliwa nao, na mtu aliyetafuta nyufa tu hakuweza kuuona. Kadi ya kijani ilisema jambo dogo, watu wakasikia jambo kubwa. Siku hizi huko New Zealand kadi hiyo ni nyeupe.

Viwandani kwetu, hasa vya chai, tazameni kwanza vilivyo juu: bomba la moshi la boila, tangi la maji, ukuta wa pembetatu chini ya paa, na ghorofa ya kunyaushia inayobeba uzito wa majani mabichi. Kisha tazameni vichwa na nyayo za nguzo. Ufa wa lipu peke yake si kitu cha kutisha. Ufa uliopita ndani ya tofali, nyufa mbili zilizokatana kama herufi X, nondo iliyoonekana nje, mlango uliokuwa ukifunga na sasa haufungi, hizo ni sababu za kukaa nje. Timazi ya fundi mwashi itawaambia kama ukuta umelala. Tieni alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa, andikeni tarehe, na baada ya kila mtikiso mpime tena. Hayo yote ni ya kuwapa sababu ya kudai mhandisi; hayachukui nafasi yake.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu, aweza kuondoka, amwarifu msimamizi wake mara moja, na asiadhibiwe. Mwajiri hawezi kumtaka arudi maadamu hatari hiyo ipo na haijarekebishwa. Ulizeni tawi lenu kama nchi yenu imeuridhia, na sheria yake ya kazi inasema nini. Ulizeni pia michoro ya kiwanda chenu imewekwa wapi. Wakati wa kuitafuta ni sasa, ardhi ikiwa imetulia, kwa maana mhandisi atakapokuja ndicho kitu cha kwanza atakachotaka kuonyeshwa.