Taa Moja, Ndoo Nyingi

Kuanzia Oktoba hadi Januari, giza linapoingia mapema, magati ya Seattle, Edmonds na Tacoma katika jimbo la Washington, Marekani, hujaa watu waliojikunyata ndani ya makoti mazito. Wanavua ngisi. Mvietnamu husimama bega kwa bega na Mfilipino, Mkambodia na mzee wa Kikorea, na wengi wao hawana lugha moja. Hata hivyo wanaelewana, na aliyewafundisha ni ngisi mwenyewe.

Ngisi wa huko ana urefu wa kama sentimita 20, na hamalizi mwaka: hukua upesi, hutaga, hufa. Usiku huja kwenye taa kwa sababu ya njaa. Mwanga huvuta vidudu vya majini, vidudu huvuta visamaki, naye hufuata visamaki. Lakini hakai katikati ya mwanga. Hujibanza ukingoni, pale nuru inapokutana na kivuli cha gati, akachupa, akakamata, akarudi gizani. Mvuvi wa Unguja au Pemba aliyekesha na karabai hahitaji kuelezwa zaidi.

Adabu ya gatini inaanzia hapo. Aliyebeba jenereta na taa kubwa amewavutia ngisi wote walio jirani, na pazuri pa kuteremsha mshipi si lazima pawe miguuni pake. Kwa hiyo anayechelewa anaweza kusimama kando bila kumnyang'anya mtu kitu. Anachodaiwa ni salamu, kuomba nafasi, na mchango wa petroli usiku ukiwa mrefu. Kinachoudhi ni tochi ya kichwani inayomulika maji huku na huko: inauvunja ule ukingo wa kivuli ambao wote wanautegemea.

Mshipi nao uteremshwe wima. Chambo cha ngisi ni cha plastiki inayong'aa gizani, chenye taji la miiba iliyopinda kwenda juu, isiyo na kijino cha kumzuia asichomoke. Ukilegeza kidogo tu, amekwenda. Anayerusha kwa mshazari huwafungamanishia watu nyuzi, na wakizifungua, kundi limeshapita.

Ninachokithamini kuliko vyote ni desturi ya kutaja kina. Kundi hukaa kwenye kina kimoja kwa muda, kisha hupanda au hushuka. Anayepata wa kwanza huwaambia majirani. Asiye na maneno huonyesha kwa vidole. Mchoyo angedhani anajipunguzia riziki. Wazoefu wanasema kinyume: vyambo vingi vikicheza pamoja kwenye kina hicho, kundi hushikika lisiondoke haraka, na mtoaji wa habari huvua zaidi ya angevua peke yake.

Ngisi akitoka majini, mning'inize kwanza juu ya maji ateme wino wake huko, si kwenye koti la jirani. Sakafu isuuzwe kabla wino haujakauka. Na kila mtu awe na ndoo yake, kwani sheria ya jimbo inataka hivyo ili kiwango cha siku cha kila mvuvi kipimike. Wageni wengi hukosea hapa kwa kuchanganya ngisi wa familia nzima.

Mwenye taa aliyekwisha kupata kiwango chake, akiwa muungwana, huuliza nani bado hajapata, kisha huiacha ikiwaka kidogo huku akikunja mshipi wake taratibu.