Je, Upande Nyanya Tena?

Mkulima mwenzangu, nyanya zako zimekufa. Ulinunua mbegu, ukalea miche kitaluni, na karo ya watoto ulikuwa umeihesabu juu ya nyanya hizo. Sasa umeshika jembe na kujiuliza: nipande tena pale pale, au niache? Usijibu upesi. Kwanza ujue ni ugonjwa gani uliokutia hasara.

Wakulima wa Kapsokwony na wa skimu ya Chepyuk husumbuliwa na magonjwa mawili. Wa kwanza ni ukungu wa majani, yaani bakajani. Huu hupenda baridi na mvua ya mlima wetu. Majani hupata mabaka meusi kama yaliyounguzwa na moto, na matunda hupata madoa ya kahawia. Ndio uliooza viazi vya Ayalandi mwaka 1845 ukaleta njaa kubwa. Ukungu huja na upepo. Kwa hiyo waweza kupanda tena, ila fanya haya: ng'oa masalio yote pamoja na viazi vilivyojiotea, panda mbali na viazi, simamisha nyanya kwa vijiti, mwagilia maji chini wala si juu ya majani, na nyunyiza dawa kabla ya mabaka kuonekana.

Wa pili ni mnyauko. Mmea hulegea ghafula majani yakiwa bado kijani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitumbukize ncha katika bilauri ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio wenyewe. Huu hukaa udongoni, wala hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya. Usipande hapo nyanya, viazi, pilipili wala biringani kwa miaka mitatu au zaidi. Panda mahindi, vitunguu au kabichi. Ng'oa hata managu, maana nayo huufuga. Osha jembe na viatu, na usiache maji ya shamba hilo yateremke kwa jirani.

Najua shamba la skimu si kubwa, na miaka mitatu ni mingi. Lakini kupanda juu ya mnyauko ni kuzika fedha. Ukiwa na kipande safi upande wa juu, anza na mistari michache. Ukiwa na shaka, mwonyeshe Bwana Shamba mmea mmoja. Bilauri ya maji haina gharama. Ijaribu kabla hujanunua mbegu.