Piga picha ya mdudu kabla ya kununua dawa

Na Mwandishi Wetu, Maswa

MSIMU uliopita nilikuwa nimesimama katika duka moja la pembejeo wilayani hapa, nyuma ya mama aliyeomba dawa ya wadudu wa mahindi. Kijana aliyekuwa akiuza akamuuliza, "Wadudu gani, mama?" Akajibiwa, "Mwanangu, wadudu si wadudu tu? Wanakula majani." Kijana akanyoosha mkono kwenye rafu, akatoa chupa iliyokuwa karibu, akapokea fedha. Mambo yakaishia hapo.

Sikuweza kumcheka. Mwaka mmoja kabla ya hapo mimi mwenyewe nilipulizia dawa kwenye kunde za nyumbani baada ya kuona vidudu vyeusi, virefu kidogo, vyenye alama za rangi ya machungwa mgongoni, vikitembea juu ya majani yaliyojikunja. Baadaye nilielezwa kwamba wale walikuwa watoto wa wale wadudu wa duara wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, na kwamba walikuwa wakila vidukari walionyonya kunde zangu. Niliua walinzi kwa fedha yangu. Vidukari wakarudi kwa wingi kuliko mwanzo.

Makosa ya namna hiyo yanaweza kupungua kwa kifaa ambacho wakulima na wafanyabiashara wengi tayari wanatembea nacho mfukoni, yaani simu yenye kamera. Tatizo ni kwamba ukimpiga mdudu picha kama unavyompiga mtoto siku ya sikukuu, utapata doa lenye ukungu ambalo hata bwana shamba hawezi kulitambua. Kamera ya simu nyingi haioni vizuri kitu kilicho karibu mno, na ukivuta picha kwa vidole kwenye kioo unakuza ukungu ule ule.

Dawa yake ni lenzi ya ziada mbele ya kamera. Zipo za kubana kwenye simu, zinauzwa na wenye maduka ya vifaa vya simu. Asiye nayo aende kwa fundi saa, aangalie kile kioo anachobana jichoni. Kioo hicho kikishikwa mbele ya kamera kinafanya kazi nzuri sana. Wengine hufungua ile tochi ndogo ya leza ya watoto iliyoharibika, wakatoa kilenzi cha mbele na kukigandisha kwa gundi ya karatasi. Asiye na kitu kabisa anaweza kudondosha tone dogo la maji safi kwenye lenzi ya kamera kwa ncha ya bua, akaigeuza simu taratibu hadi tone lining'inie. Hii nimeijaribu na inakubali, ila mkono ukitetemeka tone linahama, na maji na simu si marafiki.

Ukiwa na lenzi ya namna hii, usitegemee kugusa kioo ili picha itulie. Sogeza simu mbele na nyuma polepole hadi miguu ya mdudu ionekane. Umbali unaotakiwa ni mdogo, wakati mwingine haufiki upana wa vidole viwili, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa kwa sababu kila pumzi inaharibu picha. Weka vikombe viwili vyenye kimo kimoja, laza simu juu yake kama daraja, mdudu awe chini juu ya karatasi nyeupe. Kama hafikii umbali unaofaa, mwinue kwa vitabu. Tumia kile kihesabio cha sekunde ili usiitikise simu wakati wa kubonyeza. Piga picha 20 uchague mbili.

Kazi hii ifanyike mlangoni au dirishani, mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua halimpigi mdudu moja kwa moja. Zima taa ya kamera, maana mgongo wa mdudu unang'aa na alama zinapotea. Mkamate asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha, wakati bado ana uzito wa baridi. Mweke kwenye chupa safi pamoja na jani alilokuwa akila. Usimuue kwa dawa kwanza, kwa kuwa anaweza kubadilika rangi na kusinyaa. Kando yake weka rula ya mtoto ya mkebe, ili anayetazama ajue ukubwa.

Kwa nini usumbufu wote huu? Chukua mfano wa mahindi. Viwavijeshi vamizi waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, wakitokea bara la Amerika, na mwaka 2017 walikuwa wameshaingia Tanzania. Wakulima wengi waliwachanganya na viwavijeshi wa zamani, wale wanaotembea kwa makundi, au na bungua wa mabua. Alama za kuwatofautisha zipo mwilini mwao: kichwani mistari myeupe inayofanana na herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Kwa kiwavi mkubwa wa sentimita tatu unaweza kuyaona kwa macho. Lakini akishafika hapo amejificha ndani ya moyo wa mhindi, juu yake kuna kinyesi kama unga wa mbao, na dawa haimfikii vizuri. Anayetakiwa kutambuliwa ni yule mdogo wa siku chache, na huyo anahitaji lenzi.

Kwenye pamba hesabu ni nyingine. Kangambili kila mtu anamjua kwa wekundu wake, na anayemwachia anaona nyuzi zikichafuka na pamba ikishuka kutoka safi kwenda fifi. Chawajani, utitiri na vidukari ndio wanaosumbua, kwa kuwa ni wadogo na wanakaa chini ya jani. Utitiri si mdudu kamili, ana miguu minane, na dawa nyingi za wadudu hazimuui. Picha moja safi ya chini ya jani inaweza kumwokoa mkulima na gharama ya kupulizia bure.

Picha ikishapatikana, mtumie ofisa ugani wa kata. Walioko mbali na ofisi, kwa mfano upande wa Lalago au Malampaka, wanaokoa nauli. Piga mdudu mgongoni, ubavuni na kichwani, kisha jani lililoharibiwa, kisha mmea mzima. Andika umri wa zao na dawa ya mwisho uliyotumia. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, hivyo ikate kwanza ibaki sehemu ya mdudu, halafu itume kama faili. Swali gumu la pamba anaweza kulipeleka kwa watafiti wa TARI Ukiriguru, wilayani Misungwi, kituo kilichotoa mbegu ya UKM08.

Mwaka 2018 ilizinduliwa pia programu ya simu iitwayo Nuru, ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na FAO, inayoangalia jani la mhindi na kusema kama limeshambuliwa na viwavi hao, bila kuhitaji intaneti. Ni msaada, ila mashine hukosea kama mtu, na mwenye neno la mwisho abaki kuwa ofisa aliyesimama shambani.

Wenye maduka nao wana nafasi yao. Kioo cha fundi saa kikikaa juu ya kaunta pamoja na karatasi nyeupe, mteja aliyekuja na jani lake atapigiwa picha pale pale kabla mkono haujafika kwenye rafu. Yule kijana wa dukani nilimwonyesha picha ya kiwavi niliyempiga nyumbani. Akaivuta karibu, akahesabu madoa kwa kidole, moja hadi nne, kisha akaniuliza kioo kile nilikipata kwa fundi gani.