Nguvu Inayokaa Chini ya Kitanda



Siku hizi, katika hospitali kadhaa za misioni hapa Kongo, mtakuta kitanda kisichofanana na vitanda vya zamani. Mwuguzi anabonyeza kidude, na tazama, upande wa kichwa unainuka, au miguu inapanda, au kitanda kizima kinashuka karibu na sakafu. Watoto wanasimama dirishani kukitazama. Wazee wengine wanaogopa kulala juu yake, wakisema ya kwamba kitawafunga kama kitabu. Baba, usiogope. Kitanda hiki hakina roho wala uchawi. Chini yake kuna mashini ndogo zinazosukuma vyuma, na karibu na mashini hizo kuna sanduku linaloitwa batri. Leo nataka kuwaeleza habari za sanduku hilo, kwa sababu linaweza kumsaidia mgonjwa katika saa mbaya, au kumwacha peke yake.

Baba zetu walijua kuchukua wagonjwa kwa kipoyi. Watu wanne waliweka miti begani, na walipochoka wengine wanne walipokea. Katika Injili ya Marko, sura ya 2, tunasoma habari za watu wanne waliomchukua mwenye kupooza mpaka wakatoboa dari. Nguvu za kazi ile zilikuwa katika mikono yao, na kila mtu aliweza kuona kama wamechoka. Lakini batri haitoi jasho, wala haipumui kwa nguvu. Inachoka kwa siri. Kwa hiyo ni lazima tujifunze namna ya kuitunza.

Mtaliano mmoja, Alessandro Volta, ndiye aliyetengeneza batri ya kwanza katika mwaka 1800. Hata katika mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya risasi na asidi, ambayo ikiisha inaweza kujazwa tena. Namna hiyo ndiyo iliyo katika gari na katika nyumba nyingi zenye vibao vya jua. Nayo iko katika vitanda vingi vya umeme: mara nyingi ni batri mbili za volti 12, zimeunganishwa kuwa volti 24. Machela nyingine za umeme, zile zenye magurudumu ambazo zinainua mgonjwa mpaka ndani ya gari la wagonjwa, zinatumia batri nyepesi za litiamu. Batri hizo mara nyingi zina kobalti ndani yake, na nchi yetu ndiyo inayotoa kobalti kuliko nchi zote za dunia. Pengine jiwe lililochimbwa Kolwezi limezunguka bahari na kurudi kwetu ndani ya machela. Na bei yake wakati wa kurudi si bei ya wakati wa kwenda! Lakini tuendelee.

Kitanda kikiwa kimechomekwa katika prizi ya ukutani, umeme unafanya kazi mbili: unaendesha mashini, na unajaza batri. Umeme ukikatika, batri inashika kazi mahali pake. Machela ni tofauti: inatembea, haina waya, inaishi kwa batri tu. Kila mara tunapomwinua mgonjwa, tunakunywa sehemu ya nguvu zake, na mgonjwa mzito anakunywa nyingi kuliko mtoto.

Mnajua mfano wa wale wanawali kumi katika Matayo 25. Wote kumi walikuwa na taa. Mchana hakuna mtu aliyeweza kutenga wenye akili na wapumbavu, mpaka usiku wa manane. Basi, vitanda viwili vinaweza kusimama katika chumba kimoja, vyote vyeupe, vyote vinainuka vizuri wakati umeme uko ukutani. Kimoja kina batri iliyojaa, kingine batri yake imekufa tangu miezi sita. Mchana hutajua.

Nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja. Mama mmoja alikuwa amezaa jioni, na kitanda chake kilikuwa kimepandishwa juu ili mkunga afanye kazi bila kuinama, na mgongo wa kitanda umeinuliwa ili mama anyonyeshe. Mlinzi wake, dada ya mume, alikuwa amechomoa waya wa kitanda tangu asubuhi ili ajaze telefone yake. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuwapa jamaa habari njema, na prizi ilikuwa moja. Mchana kutwa kitanda kilipandishwa na kushushwa kwa nguvu za batri peke yake. Saa nane ya usiku damu ilianza kumtoka yule mama, nyingi, ikapita godoro. Mtu wa namna hiyo anapaswa kulazwa sawasawa mara moja na miguu yake kuinuliwa. Tulibonyeza kidude. Kitanda kilitoa sauti kidogo kama paka, kikanyamaza.

Mkunga alishika kazi yake ya kukanda tumbo la uzazi, na mwenzangu alikwenda kuleta dawa. Mimi nilivuta mkono wa chuma ulio chini ya mgongo wa kitanda, na mgongo ukashuka, maana mkono ule haungoji umeme. Miguu tuliinua kwa mablanketi yaliyokunjwa. Lakini kitanda kilibaki juu, na machela yetu ya zamani ilikuwa chini sana. Kumpeleka katika chumba cha kupasulia, ilibidi watu sita wamshushe kwa shuka, katika mwangaza wa tochi moja. Mama aliishi, na mtoto wake pia. Lakini dakika zile tulizozipoteza zilikuwa za damu.

Kwa hiyo, ndugu mnaolinda wagonjwa, ninyi mnaolala sakafuni karibu na kitanda na kupika nje, sikieni. Waya wa kitanda si wa kuchomolewa. Kama telefone imeisha, mwulizeni mwuguzi mahali pa kuijaza. Hospitali ifanye mahali hapo, maana kukataza tu bila kuonyesha njia hakusaidii, watu watachomoa usiku. Msifunge vyombo wala nguo kwenye waya. Msiwaache watoto wacheze na kidude cha kupandisha. Mchezo wao unaisha nguvu, na vidole vinaweza kubanwa kati ya vyuma. Na ule mkono wa chuma niliousema, mara nyingi una rangi nyekundu: msiuguse, kwa maana mgongo utaanguka pamoja na mgonjwa.

Kwa waguzi wenzangu nasema hivi. Katika kupokea zamu, tunahesabu dawa na tunatazama vidonda. Tutazame pia taa ndogo ya batri. Tena taa peke yake haitoshi. Mara moja kila juma, mgonjwa akiwa ametoka kitandani, chomoa waya, pandisha kitanda mpaka juu, kishushe mpaka chini, kisha uchomeke tena. Kama kinapanda polepole kama mzee anayepanda mlima, batri inakaribia kufa. Andika katika kitabu na umwambie fundi siku ile ile. Kitanda kisichohitaji kuwa juu kiachwe chini. Batri ikiisha, mgonjwa aliye chini hana hatari ya kuanguka kutoka mbali, na watu wawili wanaweza kumsaidia. Kwa machela, afadhali kuwa na batri mbili: moja inafanya kazi, nyingine inajazwa, na zinabadilishana kila asubuhi, hata kama machela haikutumika jana.

Batri ya risasi haipendi njaa. Ukiiacha tupu, ndani yake risasi inajifunika kwa ganda gumu, na ganda hilo likikaa siku nyingi halitoki tena, hata ukiijaza juma zima. Mtu akisema, «Tuingoje iishe kabisa ndipo tuijaze,» anaiua. Iliyotumika leo ijazwe leo. Haipendi joto vilevile. Mafundi wanahesabu ya kwamba batri ya risasi iliyotengenezwa kwa joto la digri 25 inapoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila digri 10 zinazozidi. Kwa hiyo msiweke kitanda cha umeme penye dirisha la jua la mchana, wala machela nje chini ya mabati. Kwa utunzaji mwema batri hizi zinakaa miaka 3 hata 5. Baada ya hapo zinunuliwe mpya, hata kama bado zinaonekana nzuri kwa nje.

Sasa nitasema neno ambalo pengine halitawapendeza wote. Hospitali nyingi zetu hazina umeme wa mchana na usiku. Grupu inawashwa saa tatu jioni, kwa sababu mazutu ni ghali, kisha inazimwa. Batri ya risasi haijai kwa saa tatu. Sehemu ya kwanza inaingia upesi, lakini sehemu ya mwisho inaingia polepole sana, na kazi yote inaweza kuchukua saa 8 au zaidi. Ikinyimwa sehemu ile ya mwisho kila siku, inakufa kidogo kidogo. Basi hospitali ya namna hiyo iweke vitanda vya umeme viwili au vitatu tu, mahali pa lazima kama chumba cha kuzalishia na chumba cha waliopasuliwa, na kuvipa umeme wa vibao vya jua. Vyumba vingine viwe na vitanda vya kuzungusha kwa mkono. Kitanda cha mkono si aibu. Kinafanya kazi saa nane ya usiku sawasawa na saa sita ya mchana, na mtoto wa kijiji anaweza kukitia mafuta.

Wakristo wa ng'ambo wanaotutumia vitanda, tunawashukuru kwa moyo wote. Lakini batri iliyofungwa ndani ya sanduku la meli haikomi kupoteza nguvu. Kitanda kinangoja bandarini, kinasafiri njia mbaya, kinangoja tena katika depo. Kikifika miezi imepita, na batri imelala tupu wakati wote huo. Wakati wa kuandika barua kwao, ombeni mambo matatu: batri zijazwe na kutenganishwa na waya kabla ya safari, kitabu cha fundi kiwemo, na jina la namna ya batri liandikwe, ili tuweze kutafuta nyingine hapa.

Tena kuna habari ya batri iliyokufa. Ndani yake mna asidi inayochoma ngozi na macho. Asidi ikimrukia mtu, mwosheni kwa maji safi mengi, muda wa robo saa au zaidi, msingoje, kisha mleteni kwa munganga. Na ile risasi ni sumu, hasa kwa watoto; inaharibu ubongo wao na damu yao. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, huko Dakar, nchi ya Senegal, watu walikuwa wakivunja batri kuukuu ili kuuza risasi, na vumbi likaenea katika mchanga wa nyua zao. Kati ya mwezi wa Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa mahali pale. Wazazi hawakujua ni kitu gani kinachowaua.

Basi msizivunje kutafuta risasi ya kuvulia samaki. Msizitupe shambani wala mtoni, na chombo kilichokuwa batri kisitiwe maji ya kunywa. Kama mnayo batri iliyokufa nyumbani, ya kitanda, ya pikipiki au ya vibao vya jua, isimamisheni wima katika beseni ya plastiki, mbali na watoto, mkaulize fundi wa hospitali mahali zinapokusanywa kwa kurudishwa kwa wafanya biashara wanaozipokea. Hata ile isiyotoa maji hata tone moja, ichukuliwe vivyo hivyo.