Vita vya Ndoo na Mizinga: Yaliyo Ndani ya Mchezo wa Maharamia

Jioni moja tuliwakuta vijana wanne wa kambini wameketi mbele ya vioo vya kompyuta, wakipigana vita vya baharini. Bahari yenyewe haimo katika ramani yoyote. Ni mchezo uitwao Sea of Thieves, uliotungwa na kampuni ya Rare ya Uingereza na kutolewa mwezi Machi 2018. Humo watu walio mbali mbali hukutana kwa njia ya intaneti, kila kundi na chombo chake, wakanyang'anyana hazina kama maharamia wa kale. Vijana wetu walikuwa na merikebu ya milingoti mitatu, yenye mizinga minne kila ubavu. Adui zao walikuwa wawili tu, katika chombo cha mlingoti mmoja na mzinga mmoja kila ubavu. Tuliketi tukitazamia ushindi wa haraka. Haikupita robo saa, merikebu kubwa ilizama na mizinga yake ingali ikinguruma.

Yafaa tueleze jinsi jambo hilo lilivyotokea. Katika mchezo huu, risasi ya mzinga hutoboa tundu tu. Chombo huzamishwa na maji. Tundu likiwa chini, maji huingia papo hapo, na likipigwa tena hupanuka na kuyaingiza kwa kasi zaidi. Dawa yake ni mbao za kuzibia, ambazo huchukuliwa katika pipa chomboni, na ndoo ya kufulia maji. Lakini maji hayo sharti yapandishwe ngazi na kumwagwa nje. Ukiyamwaga palepale, umejichosha bure. Na merikebu kubwa ina ngazi ndefu!

Basi vijana wetu wote wanne walikuwa juu. Mmoja alishika usukani, watatu walishika mizinga, na kila mmoja alidhani mwenziwe atashuka. Wale wawili wa chombo kidogo waligawana kazi tangu mwanzo: mmoja alipiga mzinga, mwingine aliongoza chombo na kushuka mara kwa mara kutazama matundu yao. Mpigaji hakujisumbua na wapiga mizinga waliosimama juu. Alilenga chini, pale ubavu ukutanapo na maji. Kisha akaelekeza risasi kwenye mlingoti hadi ukaanguka, na merikebu kubwa ikapoteza mwendo wake.

Hapo ndipo mmoja wa vijana wetu alipozinduka akashuka na mbao mkononi. Alikuwa amekwisha chelewa. Adui mmoja alikuwa ameogelea na kupanda kwa ngazi ya ubavuni. Alimngoja chini ya sitaha akamwua kwa upanga. Katika mchezo mtu akifa huzuiliwa kitambo katika merikebu ya wafu, kisha hurudi chomboni mwake. Kitambo hicho kilitosha. Aliporudi alikuta maji yamefika sitaha ya kati, ambako matundu yaliyokuwa makavu nayo yalianza kuingiza maji.

Nahodha wao alitueleza baadaye, kwa unyonge kidogo, kwamba angeweza kugeuza merikebu mapema na kuondoka mbele ya mzinga wa adui, watu wawili wakashuka kuziba matundu ya chini kwanza na kuyaacha ya juu. Hakufanya hivyo kwa kuwa aliona haya kukimbia chombo kidogo. Sisi twaona kwamba kosa lake kubwa lilikuwa jingine: hakumtaja mtu wa ndoo kabla ya risasi ya kwanza.

Askari wa nchi kavu huenda akacheka kwamba hayo ni mambo ya watoto. Na atazame yaliyotukia katika Ghuba ya Uajemi tarehe 14 Aprili 1988. Manowari ya Marekani iitwayo Samuel B. Roberts iligonga bomu la kutegwa majini. Mlipuko ulivunja mkuku, ukatoboa tundu la upana wa mita nne na zaidi, ukang'oa mitambo ya injini mahali pake, na chumba cha injini kikajaa maji. Moto ukawaka juu, maji yakapanda chini. Kapteni Paul Rinn alikuwa amewazoeza watu wake kazi ya kuokoa chombo hata wengine wakaichukia, bila shaka. Usiku huo kila mtu alijua mahali pake. Walizima moto, wakaimarisha kuta zilizozuia maji yasienee, na palipopasuka juu walipafunga kwa kamba za chuma ili manowari isikatike vipande viwili. Kazi hiyo iliendelea kwa saa tano hivi. Mabaharia kumi waliumia, wengine kwa kuungua vibaya. Hakufa hata mmoja, na hapakuwa na merikebu ya wafu ya kuwarudisha.

Tulipopita tena katika chumba kile siku chache baadaye, vijana walikuwa wanang'oa nanga. Hatukusikia wakigombea mizinga. Nahodha alikuwa akimwuliza mmoja wao, kijana mkimya kuliko wote, mbao zilizobaki katika pipa ni ngapi.