Trekta Isiyozunguka: Tazama Betri Kabla ya Kufungua Stata

Mwezi wa Machi, katika Trans Nzoia na Bungoma, kila mkulima hutazama mbingu. Mbegu imenunuliwa na mvua kubwa zaweza kuanza wiki yo yote. Ndipo mwenye trekta anapokaa kitini asubuhi, anageuza ufunguo, na injini haizunguki. Hasikii kitu, au asikia mlio mmoja tu, "tak!" Mahindi yaliyochelewa kupandwa huzaa kidogo, kwa hiyo mtu huingiwa na haraka. Fundi anapofika kutoka Kitale hukuta stata imekwisha kufunguliwa na vijana na kulazwa juu ya gunia. Mara nyingi stata hiyo haikuwa na kosa lo lote.

Kwanza tofautisha magonjwa mawili. Injini inayozunguka lakini haiwaki, hiyo ni habari ya dizeli, hewa ndani ya mabomba, au chujio lililoziba. Injini isiyozunguka kabisa ni habari nyingine: nguvu ya betri haifiki kwenye stata, au imefika na kitu kimeizuia. Huu wa pili ndio ugonjwa tunaoueleza hapa.

Anza na gia. Matrekta mengi yana swichi ya usalama inayokataza stata kufanya kazi mpaka gia iwe frii. Katika Massey Ferguson nyingi ni mkono wa gia ya juu na ya chini unaopaswa kuwa katikati. Nyingine hutaka pia klachi ikanyagwe. Utikise mkono huo, kisha ujaribu tena.

Ikiwa bado, washa taa za mbele, na mtu mwingine ageuze ufunguo huku wewe ukizitazama. Taa zikififia sana au kuzimika, betri ni dhaifu, au viungo vya waya ni vichafu, au injini imekwama. Taa ziking'aa vile vile na kusiwe na sauti, amri ya ufunguo haifiki: tazama fyuzi, swichi ya usalama, na ule waya mwembamba wa solenoidi. Ukisikia "tak!" ya nguvu na taa zisififie, shuku solenoidi au stata yenyewe.

Usidanganyike kwa kuwa taa zawaka. Taa hula nguvu kidogo sana, lakini stata ya dizeli huvuta mamia ya ampea. Betri iliyokaa bila kazi tangu mavuno huweza kuwasha taa na isiweze kuzungusha injini, hasa asubuhi za baridi za Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya bahari. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha volti 12.6 au zaidi. Ikiwa chini ya 12, ipeleke ikachajiwe. Maji yakipungua, ongeza maji ya betri yanayouzwa dukani, si ya kisima wala ya Mto Nzoia. Usivute sigara karibu nayo, maana hewa itokayo humo hulipuka.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ndio adui mkubwa. Fungua waya wa ardhi kwanza, yaani ule unaoshika mwili wa trekta, na uurudishe mwisho. Osha kwa maji ya moto yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Sugua mpaka risasi ing'ae, kaza nati, kisha paka grisi. Usisahau upande wa pili wa waya wa ardhi, pale uliposhikwa kwenye chuma. Watu wengi husafisha betri na kuacha kutu pale. Baada ya kujaribu stata, zima ufunguo na uguse viungo. Kiungo kilichopata moto ndicho kibaya.

Sasa neno zito. Wako wanaosimama mbele ya gurudumu la nyuma na kugusisha bisibisi kwenye stata ili injini izunguke. Kufanya hivyo ni kuiruka swichi ya usalama. Trekta ikiwa ndani ya gia, dizeli huwaka mara moja na gurudumu humpanda aliyesimama pale. Watu wamekufa kwa njia hii katika nchi nyingi. Usikubali, hata kama fundi mwenyewe ndiye anayetaka kufanya hivyo.

Kama injini yagonga na kusimama ghafula, uliza kama bomba la moshi lilifunikwa mvua ilipokuja. Maji yakiingia ndani ya silinda hayashindiliki. Ukiivuta trekta kwa nguvu, utapinda vyuma vya pistoni. Fundi atoe nozeli kwanza, maji yatoke. Mkebe mmoja juu ya bomba ungalizuia gharama hiyo.

Betri ikiwa imejaa, viungo ni safi, gia iko frii, na maji hamna, sasa stata ifunguliwe. Mwambie fundi kwa simu uliyoyaona, kama taa zilififia, na mlio ulikuwa wa namna gani. Atajua kama aje na brashi za kaboni au solenoidi, na hatapanda matatu mara mbili kati ya Kitale na Kamukuywa kwa kifaa kimoja.