Tarumbeta na Lugha: E.T. Mensah na Swali la Lugha ya Taifa

1.0 Utangulizi



Katika mijadala yetu kuhusu lugha na taifa kuna dai lililozoeleka, kwamba taifa haliwezi kujenga utamaduni mmoja wa kisasa bila ya kuwa na lugha moja. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunalipenda dai hilo kwa kuwa linatusifu. Mhadhara huu unakusudia kulipima kwa kuangalia kazi ya mwanamuziki mmoja wa Ghana, Emmanuel Tettey Mensah (1919–1996), mpiga tarumbeta aliyepewa jina la Mfalme wa Hailaifu. Mensah aliupa umaarufu muziki uliopendwa nchini kote, na hata katika nchi jirani, mahali ambapo hapakuwa na lugha moja ya wote. Aliwezaje? Na je, kulikuwa na gharama?

2.0 Kutoka filimbi hadi tarumbeta

Mensah alizaliwa mjini Accra mwaka 1919, wakati nchi yake ikiitwa Gold Coast chini ya utawala wa Waingereza. Muziki aliuanzia shuleni kwa kupiga filimbi katika bendi ya mwalimu Joe Lamptey, ambaye baadaye aliongoza Accra Orchestra. Bendi za namna hiyo ziliwapigia muziki wa dansi watu wenye nafasi, waliovaa suti na kulipa kiingilio. Inasimuliwa kwamba jina la hailaifu lilitokana na waliobaki nje ya ukumbi, wakiyatazama maisha ya juu ya waliokuwa ndani.

Vita Kuu ya Pili viliwaleta Accra askari wa Kiingereza na wa Kimarekani, na pamoja nao muziki wa jazi na mtindo wa bendi ndogo. Mensah, ambaye wakati huo alipiga saksafoni, alijifunza kwao. Baada ya vita alijiunga na kundi la The Tempos, na mwaka 1948 akawa kiongozi wake. Huko alisimama mbele akiwa na tarumbeta. Ikumbukwe kwamba alikuwa pia amesomea ufamasia, na kazi ya dawa ilimsaidia kuishi nyakati ambazo muziki haukulipa.

Mchango wake mkubwa ulikuwa kuichanganya ala ya kigeni na mapigo ya nyumbani. Bendi kubwa za awali zilikuwa na wapigaji wengi waliosoma nota. The Tempos walikuwa wachache, wakiongozwa na tarumbeta na saksafoni juu ya ngoma zenye ladha ya Kikuba na kalipso ya Karibi. Mwaka 1950 walizuru Nigeria, ambako bendi nyingi za dansi zilikuwa bado zikipiga zaidi mitindo ya Ulaya na Marekani, nao wanamuziki wa huko wakaigeukia hailaifu. Mwaka 1952 Mensah alianza kurekodi santuri na kampuni ya Decca. Mwezi Mei 1956 Louis Armstrong alipozuru Accra, wapiga tarumbeta hao wawili walipiga pamoja jukwaani. Waliokuwa wanamuziki wa The Tempos walianzisha bendi zao wenyewe, na mtindo ukaenea.

3.0 Nyimbo zake ziliimbwa kwa lugha gani?

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata kazi. Nyimbo za The Tempos ziliimbwa kwa Kiakan (Kitwi na Kifante), kwa lugha za Ga na Ewe, kwa Kiingereza, na nyingine kwa lugha za nje ya Ghana kama vile Kihausa na Kiefik. Msikilizaji mmoja hakuweza kuzielewa zote, ilhali wote walizicheza. Kilichowaunganisha ni mahadhi na mapigo, na tarumbeta ndiyo iliyoyabeba mahadhi hayo.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba muziki hauna lugha. Kiakan ni lugha ya toni: neno lenye sauti zilezile hubadili maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mfano maarufu ni *papa*, ambalo kwa toni tofauti huweza kuwa ‘jema’, ‘baba’ au ‘upepeo’. Mtunzi wa wimbo katika lugha kama hiyo hayuko huru kabisa, kwani mwendo wa mahadhi huelekea kuufuata mwendo wa toni za maneno. Kwa sababu hiyohiyo, katika makao ya wafalme wa Waasante pembe za ndovu ziliweza ‘kusema’: ziliiga toni za maneno ya sifa, na waliozijua wakayatambua. Kwa hiyo tarumbeta ya Mensah ililia katika jamii iliyokwisha kuzoea kwamba pembe inaweza kuwa na neno.

Gharama yake inaonekana katika nyimbo za siasa. Ghana ilipopata uhuru tarehe 6 Machi 1957, Mensah aliusherehekea kwa wimbo wake ‘Ghana Freedom’, na baadaye akatunga mwingine kuhusu umoja wa Ghana, Guinea na Mali. Nyimbo za mapenzi na za mafumbo ya mtaani ziliweza kugawanywa, huu kwa Ga, ule kwa Kifante. Wimbo wa taifa zima haukuweza kugawanywa hivyo. Kuchagua lugha moja ya wenyeji kungekuwa ni kulipendelea kundi moja. Hivyo uhuru kutoka kwa Mwingereza ukaimbwa kwa Kiingereza.

4.0 Upande wetu wa bara

Linganisheni na Afrika Mashariki. Neno letu *tarumbeta* tumelipata kwa Wareno, na neno *beni*, yaani ngoma iliyoiga bendi za kijeshi tangu miaka ya 1890 katika pwani ya Kenya, tumelipata kwa Waingereza. Ala zilikuwa za kigeni kama kule Accra, lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili. Bendi za dansi za Tanganyika zilirithi hali hiyo. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro walipochukua mahadhi ya Kikuba, waliyatilia maneno ya Kiswahili, wakaeleweka Tanga, Tabora na Mombasa.

Kiswahili kiliwarahisishia kazi kwa njia nyingine pia. Si lugha ya toni. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayotofautishwa na mkazo, kama *barabára* (njia) na *barábara* (sawasawa), ni machache. Mtunzi huhesabu mizani, kisha huweza kuyavika mahadhi yaleyale beti nyingi bila ya kuharibu maana.

5.0 Hitimisho

Basi dai letu la mwanzo linahitaji kurekebishwa. Mensah anatuthibitishia kwamba watu wa lugha nyingi wanaweza kuwa na utamaduni mmoja wa kisasa wenye fahari na wakaucheza pamoja. Anayesema kwamba bila ya lugha moja hakuna utamaduni wa taifa hajaisikiliza Accra ya miaka ya 1950. Lakini Mensah huyohuyo anatuonyesha mahali ambapo ala peke yake haitoshi: taifa linapotaka kujisemea mambo yake kwa sauti moja, lisipokuwa na lugha yake litaazima ya mtawala wake.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, funzo lina pande mbili. Tusizidharau lugha nyingine kwa kudhani kwamba haziwezi kuzaa utamaduni mpana. Kiakan, Ga na Ewe zilizaa hailaifu. Wala tusiichukulie kuwa ni jambo dogo bahati ya mwimbaji wa Morogoro, ambaye hakulazimika kujiuliza atauimba uhuru kwa lugha ya nani.